Sauti Iliyokuja Nyuma

"Simamisha," Fundi alisema, na mkewe akabaki na mdomo wazi katikati ya neno.

Ilikuwa mara ya ngapi asubuhi ile, hata Fundi alikuwa ameacha kuhesabu. Wimbo wenyewe ulikuwa wa watoto wa chekechea, wimbo ambao mtu anaweza kuuimba huku anachambua mchele: *Nawa uso, nawa shingo, sabuni haina maringo.* Mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu ya koo lake, alikuwa ameimbia harusi, kampeni za chanjo na matangazo ya sabuni za kweli kweli, yote katika chumba hikihiki chenye magodoro ukutani na trei za mayai darini, mumewe akiwa upande wa pili wa kioo na mashine yake ya mikanda. Leo sabuni isiyo na maringo ilikuwa inamshinda.

"Umechelewa tena," Fundi alisema kwenye kipaza sauti.

"Sijachelewa. Kuna mtu ananifuata nyuma."

"Mtu gani?"

"Humu ndani ya hedifoni. Mimi naimba, halafu na yeye anaimba. Nikimsubiri amalize, ngoma imeshaniacha."

Fundi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Kule kuifuta tu kulimuuma Chiriku kuliko kama angegomba. Kando ya Fundi alikaa mke wa mtoto wao, kwa kuwa katika nyumba ile ni yeye tu aliyejua kukishika kile kipanya cha kompyuta bila kukitolea jasho. Binti huyo aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu kwenye skrini.

"Tupumzike, mama," alisema.

"Sijasema nimechoka," Chiriku alijibu.

Kompyuta ililetwa na kijana wao alipokuja likizo. Aliiunganisha na kisanduku chekundu chenye vifundo vya kuzungusha, akaonyesha wapi maikrofoni inaingia na wapi hedifoni inaingia, akasema, "Baba, hii haina mkanda wa kukatika wala kichwa cha kusafisha," kisha akarudi kazini kwake mji mwingine na kumwacha mkewe awasaidie wazee. Tangu hapo Fundi hakupata raha. Kazi nzima ya kwaya ilipotea kwa sababu alizima kompyuta bila kuiambia ihifadhi, maana kwa mkanda kilichoimbwa kimeimbwa, hakuna wa kuombwa akihifadhi. Feni ya kompyuta ilivuma ndani ya kila wimbo kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Siku moja mashine iligoma kabisa ikatangaza kwamba inajiboresha yenyewe, na mteja akakaa sebuleni akiisubiri ijiboreshe mpaka akaaga.

Fundi alikuwa haiamini kompyuta hata kidogo, na alisema hivyo mbele ya kila mtu. Kile kisanduku chekundu kilikuwa na kifundo cha kuchagua: ukikizungusha huku, mwimbaji anajisikia moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni, ukikizungusha kule, anasikia sauti iliyokwisha kuingia kwenye kompyuta. Fundi alikizungusha kule mpaka kikagota. "Huyu mdudu simwamini," alisema. "Nataka mwimbaji asikie kile kilichoingia, mdudu asije akatudanganya." Akakibandika karatasi ya gundi ili mtu asikichezee.

Mashine ya zamani ikileta jeuri, Fundi alikuwa na bisibisi, pamba na spiriti. Hii mpya hakuona pa kuingiza bisibisi. Basi akawa anaiingiza kwa mkewe.

Mwenye shule alikuja kusikiliza. Alikuwa na shule za chekechea kadhaa na alitaka nyimbo za kupigwa asubuhi watoto wanapoingia. Aliketi kwenye kochi la studio, mkoba mapajani, akamshika Chiriku mkono.

"Mama, mimi nimelelewa na sauti yako redioni," alisema. "Ndiyo maana nimekuja hapa. Wenzangu waliniambia niende kwa vijana, nikakataa."

"Ahsante, mwanangu."

Wimbo ukapigwa. Mwenye shule alianza kutikisa kichwa kwa raha, kisha kichwa kikaanza kutafuta pa kutikisikia, kisha kikatulia. Tabasamu lake halikuondoka, ila lilikauka.

"Sauti ni ileile," alisema. "Ila nafikiria makofi. Watoto watapiga makofi hapa, halafu wewe, mama, unafika baadaye kidogo. Watachanganyikiwa."

"Tutarekebisha," Fundi alisema haraka.

"Na huyu binti je? Haimbi?"

Binti alisema yeye si mwimbaji. Fundi alisema ajaribu tu, kwa kupima mitambo. Kumbe mitambo nayo ina namna nyingi za kupimwa. Binti aliingia chumbani, akavaa hedifoni, akaimba mara moja, na wimbo ukakaa kama mfuniko kwenye sufuria yake. Wakati huo Chiriku alikuwa jikoni akimtafutia mgeni glasi safi, na aliusikia wimbo wake ukitoka kwenye koo la mwingine huku yeye ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Sauti ya binti ilikuwa nyembamba, haina nyama. Lakini ilikuwa inakwenda na ngoma, na ngoma ndiyo iliyotakiwa.

"Nitarudi Jumamosi nisikilize zote mbili," mwenye shule alisema kwenye mlango, kwa adabu ya mtu ambaye ameshachagua.

Jioni hiyo kijana alipiga simu, na Fundi akamweleza. Kijana alisema kwa upole, "Baba, mpeleke mama apimwe masikio." Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo kila mtu alisikia, na mwenye masikio pia.

Mpima masikio alimfungia ndani ya kijumba kidogo, akamvalisha hedifoni, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Chiriku alibonyeza. Milio mingine ilikuwa midogo kama mbu wa chumba cha pili, nayo akaibonyeza. Alipotoka, yule mtu alikuwa anacheka mwenyewe.

"Mama, masikio haya ni ya msichana. Umekuja kufanya nini hapa?"

"Waulize walionileta."

Mtu mwingine angefurahi. Fundi alishukuru, lakini njiani alikuwa akimtazama mkewe kwa pembeni, na alichokuwa anakitazama si sikio tena, ni paji la uso.

"Basi kama si masikio," alianza.

"Malizia."

"Sina la kumalizia. Labda uchovu."

"Malizia, Fundi. Tumeoana siku nyingi, usinibakishie maneno."

Fundi akapiga hatua kadhaa. "Mama yako naye, Mungu amrehemu, mwishoni alikuwa anasikia watu."

Chiriku aliongeza mwendo akamwacha nyuma, mkoba umebanwa kwapani, na alilia kwa hasira mpaka kona ya duka la vifaa vya ujenzi, ambapo alijifuta kwa sababu mwenye duka alikuwa anamfahamu. Alimuuguza mama yake mwenyewe, akamsikia akizungumza na wafu, akamjibu badala yao ili asikose wa kuzungumza naye. Kitu hicho alimwambia mumewe peke yake. Leo amerudishiwa.

Kuanzia siku hiyo akaacha kujitetea, akaanza kuchunguza. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Masikio ni mazima, imethibitishwa. Kichwa ni kizima, maana ndicho kinachokumbuka katika nyumba ile nani hali nini na funguo za nani ziko wapi. Basi kuna mtu anamchezea. Na mtu huyo hatoki mbali, kwani kikulacho ki nguoni mwako.

Alimwangalia binti. Binti alikuwa na heshima, anaamka mapema, anaamkia "Shikamoo, mama" bila kukumbushwa, na sasa hata heshima hiyo Chiriku aliionea shaka. Nani anakaa karibu na kompyuta? Yeye. Nani anajua kila kitufe kinafanya nini? Yeye. Ni nani sasa anaimba nyimbo za watu? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Alimtazama kupitia kioo akifanya mazoezi: binti alivaa hedifoni kwa maringo, upande mmoja sikioni, upande wa pili ameusukuma nyuma kwenye misuko. "Anaogopa nywele zisiharibike," Chiriku alijisemea, akaliongeza hilo kwenye mashtaka.

Halafu akamsikia uani. Binti alikuwa anaanika nguo, simu ameibana kati ya bega na shavu, na Chiriku alikuwa dirishani na hakukohoa.

"Hapana, mume wangu, mama hajui," binti alisema. "Baba amekataza. Amesema tusimwambie mpaka imeshaondoka. Jumamosi asubuhi, kabla yule mama wa shule hajafika. Na mimi naona vibaya, lakini baba ndiye ameamua. Eeh. Akijua atalia."

Chiriku aliondoka dirishani akakaa kitandani. Kwa hiyo njama ipo, na mumewe yumo, na mwanawe aliye mbali yumo. Chakula cha mchana siku hiyo alikipika kama kawaida, akawapakulia wote, akawatazama wanakula.

"Mama, wewe huli?" binti aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Mambo," Chiriku alisema, na Fundi akaacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea.

Jumamosi alingoja Fundi atoke, akaingia studio na ufagio ili akiulizwa awe na jibu. Hakuhitaji kutafuta. Mashine ya mikanda, ambayo tangu kompyuta ije ilikuwa imefunikwa shuka kwenye kona, ilikuwa imefunuliwa. Imepanguswa vumbi hadi kwenye vifundo. Imesogezwa karibu na mlango, na juu yake kuna kamba iliyokunjwa.

Kumbe ni hii. Alisimama akiitazama, na ajabu, jambo la kwanza lililompata halikuwa huzuni bali nafuu, na nafuu hiyo ilimtia hasira zaidi. Wanaiuza mashine kwa siri, wanaogopa kilio chake, lakini kumpeleka akapimwe masikio hawakuogopa.

Akaweka ufagio chini. Miaka yote ile Fundi aliposhikwa na mafua au na safari, nani aliirekodi kwaya ya jirani? Akachomeka umeme, akafunga mkanda, akaupitisha kwenye vichwa vyake kama anavyotunga uzi kwenye cherehani, akaleta maikrofoni karibu na kuvaa hedifoni za zamani zilizobanduka sponji. Alitaka kuimba mara moja tu kabla haijaondoka. Sahani mbili za mkanda zikaanza kuzunguka.

"Nawa uso," aliimba.

*Nawa uso*, akaimba mtu nyuma yake.

Basi ni kweli. Hapa hakuna kompyuta, hakuna binti, hakuna wa kumchezea, na mtu yule yumo. Akashika ukingo wa meza. Mama yake alikuwa anakaa hivihivi, ameshika ukingo wa kitanda.

Hapo macho yake yakaanguka kwenye swichi.

Swichi hiyo aliifahamu, kwa sababu tone jekundu lililokauka kando yake lilikuwa rangi yake ya kucha. Mashine ile hurekodi sauti kwenye kichwa kimoja na kuisoma kwenye kichwa cha pembeni yake, na mkanda huchukua muda kidogo kusafiri upana wa vidole viwili kutoka hapa hadi pale. Swichi ikiwa upande wa mkanda, mwimbaji anasikia sauti iliyokwisha safiri, yaani anajisikia kwa nyuma. Hakuna anayeweza kuimba hivyo. Fundi mwenyewe, ujanani, alimwomba rangi ya kucha akatia tone upande wa maikrofoni ili mtu asikosee, na kila siku kabla mkewe hajaimba alikuwa anaigusa swichi kwa kidole kuhakikisha. Sasa ilikuwa upande wa mkanda. Aliyefuta vumbi aliisukuma.

Akairudisha kwenye tone jekundu. "Nawa shingo," aliimba, na chumbani akawa peke yake. Akaisukuma tena: mtu akarudi. Akairudisha: mtu akaondoka. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtoto aliyegundua taa, na mwisho akakaa juu ya spika akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akakumbuka yale maringo ya binti, sikio moja ndani, sikio moja nje, na kicheko kikakatika.

Fundi aliingia na mtu wa kununua mashine, bwana mwenye mgahawa aliyetaka vitu vya zamani vya kupambia ukuta. Binti aliwafuata nyuma. Waliikuta mashine inazunguka na Chiriku ameketi.

"Umeiwasha ya nini?" Fundi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Kumbe inafanya kazi," mnunuzi alisema, amefurahi. "Mimi nilitaka ya kuning'iniza tu."

"Washa kompyuta," Chiriku alimwambia binti. "Fundi, ingia ndani. Vaa hedifoni."

"Mgeni anasubiri."

"Atasubiri. Ingia."

Fundi aliingia, akavaa. Chiriku akakaa kwenye kiti chake, upande wa pili wa kioo, mahali ambapo hajawahi kumwona mumewe kutokea. Kutoka pale alionekana mdogo.

"Sema ile yako ya siku zote. Ya kuanzia wimbo."

"Kimya, mkanda unatembea," Fundi alisema. Au alitaka kusema. Alifika kwenye neno la pili akasikia la kwanza likimfuata. "Kimya, m-mkanda..." Akasimama, akakohoa, akaanza upya kwa nguvu. "Kimyaa, mkaaanda una... una..." Maneno yakamvutika mdomoni kama ya mlevi. Mnunuzi alitazama viatu vyake.

"Umechelewa," Chiriku alisema kwenye kipaza sauti. "Mara ya pili."

Fundi alitazama kupitia kioo, akavuka uso wa mkewe, akaiona mashine ya zamani na tone lake jekundu. Ilimchukua muda. Chiriku aliona jinsi jambo linavyomfikia.

"Inaingia kwenye kompyuta kwanza," alisema polepole, kila neno likimkwaza. "Ndipo inarudi. Mimi nilisema hapa hakuna mkanda, basi hakuna safari." Mkono wake ukainuka kuelekea kisanduku chekundu kilichokuwa mezani pembeni yake, kwenye kile kifundo alichokibandika gundi.

"Usiguse bado."

Chiriku akamgeukia binti. "Wewe ulijua."

Binti alikuwa anasokota pindo la kanga yake. "Nilijua inasumbua, mama. Nilipojaribu nikaona ulimi unakuwa mzito, nikatoa sikio moja. Sikujua ni nini."

"Ukaninyamazia."

"Ningesemaje? Mimi nimfundishe mama mkwe kuimba?" Akaliachia pindo. "Halafu baba alisema ni wewe. Nikaona baba ndiye fundi."

Inawezekana ilikuwa kweli. Inawezekana pia kwamba wakati mwenye shule anaulizia, binti alionja utamu wa kuombwa, akaona hakuna haraka ya kusema. Chiriku alimtazama machoni na hakuona kitu cha kumtosha upande wowote. Aliliacha hapo, ila hakulisahau.

"Na mashine, mama?" mnunuzi aliuliza kwa tahadhari. "Nichukue au nisichukue?"

Fundi alifungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia. "Chukua. Mimi sikuwa nalilia mashine."

Mnunuzi na binti waliibeba wawili, wakipishana mlangoni kwa tabu. Kabla hawajatoka Chiriku aliingia chumba cha kuimbia, akampokonya Fundi hedifoni, akavaa upande mmoja na kuuacha wa pili nyuma ya sikio. "Rekodi," alisema. Fundi alikwenda kushika kile kipanya mwenyewe. Chiriku aliimba wimbo wote, beti zote, bila kusimama, na kule mlangoni wale wawili waliganda na mashine yao mikononi. Sauti ilikuwa na nyama yake yote. Makofi ya watoto yangepigwa popote yangemkuta amefika.

"Imekaa, mama," binti alisema kutoka mlangoni.

"Hifadhi," Chiriku alimwambia mumewe kupitia kioo. "Usije ukazima tu."

Alihifadhi. Aliangalia mara mbili kama imehifadhiwa, kisha akaja ndani ya chumba chenye magodoro, akasimama mbele yake na mikono isiyojua pa kwenda. Nje mnunuzi alikuwa anafunga kamba na kutoa maelekezo. Mwenye shule angefika wakati wowote.

"Chiriku," alisema. "Lile neno la mama yako."

"Si hivyo. Vaa kwanza."

Alimvalisha mwenyewe, masikio yote mawili, akamsogezea maikrofoni mdomoni. Kifundo kilikuwa bado kimegota kule kule alikokibandika.

"Sasa sema."

"Nisamehe," Fundi alisema, na neno likamrudia kwa nyuma, kwa sauti ya mzee ambaye hakuwa anamjua. "Nisamehe, mke wangu. Mi-mimi niliamini..." Akakwama. Mikono yake ikapanda kuvua hedifoni, lakini mkewe alikuwa ameshaziwekea viganja juu, huku na huku, na kuzikandamiza.

"Isubiri ifike," alimwambia. "Mimi niliisubiri."